Je, wajua pantoni linaogopa nini kuliko uzito?

Sisi wa Dodoma maji mengi tunayoyajua ni ya bwawa la Mtera, au ya makorongo yakifurika siku mbili tatu za masika. Ndiyo maana mpwa wangu, mzaliwa wa Nkuhungu, alipovuka Magogoni kwenda Kigamboni, kule Dar es Salaam, kwa pantoni kwa mara ya kwanza, alirudi na swali moja: "Mjomba, lile lori la kokoto lilipopanda, mbona pantoni halikuzama?"

Nikamletea beseni la maji na sufuria tupu. Sufuria ikaelea. Tukatia mawe, moja moja, na kila jiwe likaishusha kidogo. Chombo kinachoelea husukuma maji yenye uzito sawa na wake pamoja na mzigo wake; ukikiongezea mzigo, kinashuka mpaka kisukume maji mengine ya kutosha. Pantoni nalo ni sufuria, ila pana mno. Tuseme lina urefu wa mita 50 na upana wa mita 15, kisha lipande lori la tani 10. Piga hesabu: pantoni zima litashuka kama sentimita 1.3. Hata kidole gumba ni kipana kuliko hapo!

Kijana akachoka kuhesabu, akayasogeza mawe yote upande mmoja. Sufuria ikainama, ikanywa maji, ikaenda chini. Mawe yalikuwa yale yale.

Basi hapo ndipo penye hofu yenyewe. Wale vijana wanaoelekeza magari kwa mikono na makelele hawataki tu kujaza nafasi. Malori hukaa katikati, gari dogo likasogezwa pembeni, hendibreki ikavutwa. Utaona pia lori likikanyaga mlango wa pantoni, upande ule unazama kidogo kama mtu anayeitikia kwa kichwa, halafu unanyanyuka lori likifika katikati.

Mzigo mbaya kuliko yote ni maji yenyewe. Sakafu ya magari haina kuta za kuigawa, kwa sababu gari liingie huku litokee kule. Chukua sinia, mimina maji kidogo, liinamishe: maji yote yanakimbilia chini, yanaliinamisha zaidi. Tarehe 6 Machi 1987 meli ya magari Herald of Free Enterprise iliondoka Zeebrugge, Ubelgiji, kuvuka mlango wa bahari kwenda Dover, Uingereza. Milango ya mbele ilikuwa wazi. Baharia aliyepaswa kuifunga alikuwa amelala chumbani kwake. Maji yakaingia kwenye sakafu ya magari, na ndani ya dakika chache meli ikalala ubavu, bandari ikiwa bado karibu. Watu 193 walikufa.

Nahodha hakuweza kuiona ile milango kutoka alipokaa, wala hakuwa na taa ya kumjulisha. Baada ya hapo meli za namna hiyo zikawekewa taa mbele ya nahodha, zinazoonyesha kama milango imefungwa.