Kidonda kisichopona kwa mwenye ualbino: maswali na majibu

Mwanangu ana ualbino. Saratani ya ngozi si ugonjwa wa wazee?

Kwake si wa wazee. Ngozi yake ina upungufu mkubwa wa melanini, ile rangi inayozuia miale ya jua isiharibu seli, na madhara huanza kulimbikizana tangu angali anabebwa mgongoni. Wapo wanaougua wakiwa na miaka 20 na kitu. Inayowapata zaidi barani Afrika ni saratani ya seli za skwamasi, zilizo tabaka la juu la ngozi. Hushika hasa uso, masikio, midomo na shingo.

Nitaijuaje mapema?

Mara nyingi hutanguliwa na mabaka madogo makavu yenye magamba. Pitisha kidole juu yake: yanakwaruza kama msasa, hata pale ambapo jicho halioni kitu. Baadaye huja kinundu kigumu au kidonda kinachotoka damu kikiguswa, kinafunga, kisha kinafunguka tena. Kidonda kikifika wiki 4 hakijapona, nenda hospitali.

Hapa ndipo miezi inapopotea. Mgonjwa anaanza na dawa ya kupaka ya dukani, anahamia mitishamba, anarudi kwenye vidonge vya antibayotiki, na anapofika kwa daktari wa ngozi sikio limeshaliwa nusu. Saratani hii ikiwahiwa hupona, tena mara nyingi kwa upasuaji mdogo tu.

Hospitali watanifanya nini?

Watakuchoma sindano ya ganzi, wakate kinyama kidogo, kiende maabara kuangaliwa kwa darubini. Kipimo hicho ni biopsi. Pia watapapasa tezi za shingoni. Wengi wanaikimbia biopsi wakiamini saratani ikiguswa na kisu inasambaa. Si kweli, kinachoipa nafasi ya kusambaa ni kuchelewa.

Mabaka ya awali huweza kugandishwa kwa naitrojeni ya kimiminika. Saratani yenyewe hukatwa, na iliyokwenda mbali huenda ikahitaji mionzi, kama inayotolewa hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam.

Nimpake mafuta gani?

Losheni ya kukinga jua yenye SPF (kipimo cha nguvu ya kukinga jua, huandikwa kwenye chupa) 30 au zaidi. Mafuta ya mgando hayazuii jua, hata ukimpaka kopo zima. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, hutengenezwa losheni iitwayo Kilisun, mahususi kwa watu wenye ualbino. Paka ya kutosha dakika 20 kabla ya kutoka, rudia kila baada ya saa 2, hata kukiwa na mawingu. Nyuma ya masikio na kisogoni ndiko watu husahau.

Ila losheni bila nguo ni kazi nusu. Avae mikono mirefu na kofia pana pande zote. Kapelo inaacha masikio na shingo nje. Kama shule inakataza kofia, kazungumze na mwalimu mkuu, na uombe asipangiwe kazi za nje kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni.

Mimi ni mweusi. Inanihusu?

Kwa nadra, na mara nyingi chanzo si jua. Huweza kuota kwenye kovu la zamani la moto, au kidonda cha mguuni kilichodumu miaka. Kovu lililotulia likianza kuchimbika, kunuka au kuota nyama, omba nawe biopsi.