Je, Wamarekani wana haki ambazo Katiba yao haikuzitaja?

Ndiyo, na Katiba yenyewe inasema hivyo. Marekebisho ya Tisa, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yanaagiza kwamba kuorodheshwa kwa haki fulani kusichukuliwe kuwa kunakana au kudunisha haki nyingine zilizobaki mikononi mwa wananchi.

Katiba ilipotungwa Philadelphia mwaka 1787 haikuwa na orodha ya haki. Waliodai orodha hiyo waliihofia serikali mpya ya shirikisho, lakini watetezi wa Katiba, akiwemo James Wilson, walijibu kwamba hakuna awezaye kuzitaja haki zote za binadamu, na kwamba ile itakayosahaulika itadhaniwa imesalimishwa kwa serikali. James Madison, mmoja wa watunzi wa Katiba, aliikubali hofu hiyo kuwa na uzito, na mwaka 1789, alipowasilisha orodha ya haki iongezwe kwenye Katiba, akapendekeza kifungu cha kuiondoa, ambacho ndicho kilichozaa Marekebisho ya Tisa. Marekebisho ya Kumi yakaongeza kwamba mamlaka ambayo shirikisho halikukabidhiwa, wala majimbo hayakukatazwa, yamebaki kwa majimbo au kwa wananchi. (Kenya ilichagua kinyume katika Katiba ya mwaka 2010: kazi ambayo kaunti hazikukabidhiwa ni ya serikali ya kitaifa.)

Utata unaanzia hapo, kwa kuwa orodha hiyo ya haki ililibana shirikisho peke yake, kama Mahakama ya Juu ilivyothibitisha mwaka 1833, na mtu aliyedhulumiwa na jimbo lake hakuweza kuitegemea. Ni Marekebisho ya Kumi na Nne ya mwaka 1868, baada ya vita vilivyokomesha utumwa, yaliyoyakataza majimbo kumnyima mtu uhuru wake bila kufuata sheria ipasavyo.

Mwaka 1965, katika kesi ya Griswold, majaji saba dhidi ya wawili walifuta sheria ya Connecticut iliyowakataza hata wanandoa kutumia vifaa vya kuzuia mimba, kwa kuwa iliingilia haki ya faragha, ingawa neno hilo halimo popote katika Katiba. Jaji Arthur Goldberg aliyategemea Marekebisho ya Tisa. Jaji Potter Stewart alipinga, akisema Madison angeshangaa kuona mahakama ya shirikisho ikiyatumia kubatilisha sheria iliyotungwa na wawakilishi wa wananchi wa jimbo. Hoja hiyo ni nzito kihistoria, lakini nadhani inasahau jambo moja: Marekebisho ya Tisa hayayataji majimbo kabisa, bali yanawataja wananchi.

Mwaka 2022, katika kesi ya Dobbs, Mahakama iliiondoa haki ya kutoa mimba iliyoitambua mwaka 1973, ikisisitiza kwamba haki isiyotajwa lazima iwe na mizizi mirefu katika historia na mila za taifa, kisha ikayaachia majimbo uamuzi. Leo daktari wa Texas anayetoa mimba ambayo haihatarishi maisha ya mama anaweza kufungwa, ilhali mwenzake wa New Mexico, jimbo la jirani, anafanya kazi hiyo kwa mujibu wa sheria.