Je, wajua kwa nini kitabu kilichomkesha mwenzako kinakulaza wewe?

Ukiwauliza wasomaji wawili wa Mji Mkongwe habari za riwaya moja, aghlabu watakusimulia riwaya mbili. Mmoja atakwambia kwamba aliianza baada ya sala ya Isha na hakuiweka chini mpaka alfajiri. Mwengine atakwambia kwamba hakufika ukurasa wa ishirini, na kwamba kitabu chenyewe sasa kinazuia mlango usibamizwe na upepo. Wote wawili wamelelewa katika kisiwa kimoja, Kiswahili chao ni kimoja, na maneno yaliyomo kitabuni hayakubadilika yalipotoka mkono mmoja kwenda mwengine. Tofauti hiyo basi inatoka wapi? Na anayetafuta kitabu kizuri cha kusoma amsikilize nani kati yao?

Jawabu la haraka, kwamba kila mtu na ladha yake, ni la kweli lakini halielezi kitu. Ladha ya msomaji ina sababu zinazoweza kutajwa, na iliyo kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ile inayotajwa kwa nadra: mambo anayoyajua msomaji kabla hajafungua kitabu.

Mwaka 1988, watafiti wawili wa Marekani, Donna Recht na Lauren Leslie, waliwapa wanafunzi 64 wa darasa la saba na la nane kisa kifupi cha mchezo wa besiboli. Miongoni mwao walikuwamo wasomaji hodari na wasomaji dhaifu. Walikuwamo wanaoujua mchezo huo na wasioujua. Wasomaji dhaifu walioujua mchezo walikielewa na kukikumbuka kisa kuliko wasomaji hodari ambao hawakuujua. Uhodari wa kusoma, tunaodhani kuwa ni kipaji kimoja kinachofanya kazi popote, ulizidiwa na kulijua jambo linalosimuliwa.

Jambo hilo linaonekana vizuri zaidi bandarini Malindi kuliko katika uwanja wa besiboli. Riwaya ya Adam Shafi iitwayo Kuli, iliyochapishwa mwaka 1979, inamfuata kijana Rashidi anayeingia katika kazi ya ukuli katika bandari ya Unguja, na inafika kwenye mgomo mkubwa wa mwaka 1948. Msomaji ambaye babu yake alipakua mizigo kwenye matishali, na aliyekua akisikia nyumbani habari za gati, winchi na masarahangi, hahitaji kamusi wala hahitaji kuijenga picha. Picha anayo, na nguvu zake zote zinabaki kwa ajili ya watu wa hadithi na maneno wanayoambiana. Mwanafunzi aliyekulia mashambani, ambaye meli anaiona kwa mbali tu anaposafiri kwenda Dar es Salaam, atatumia kurasa hizo hizo kujenga kwanza bandari, kisha kuijaza watu, kisha kukumbuka nani ni nani. Akisema kwamba kitabu kinachosha, hasemi uongo wala si mvivu. Kweli kimemchosha, kwa sababu amepewa kazi ambayo mwenzake hakupewa.

Hata hivyo kulijua jambo kuna upande wake wa pili, nao husahauliwa. Mzee aliyefanya kazi bandarini anaweza kuwa msomaji mgumu kuliko yule mwanafunzi, kwa kuwa kila anapoona kamba imefungwa sivyo, au bosi amesema neno ambalo bosi wa zama zile asingelisema, anatoka nje ya hadithi na kuanza kubishana na mwandishi. Wanasheria hawazipendi sana hadithi za mahakamani kwa sababu kama hiyo, na mabaharia wana maneno yao juu ya waandishi wa bahari.

Sababu ya pili ni kile ambacho msomaji amekuja kukitafuta. Mwandishi wa Makunduchi, Muhammed Said Abdulla, alipata tuzo ya kwanza katika shindano la uandishi wa hadithi la Afrika Mashariki la mwaka 1957 na 1958, na hadithi hiyo, Mzimu wa Watu wa Kale, ikatoka kitabu mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, ana kiko chake na ana rafiki yake Najum wa kumuuliza maswali, na si siri kwamba Sherlock Holmes wa Uingereza alikuwa na sehemu katika kuzaliwa kwake. Lakini Bwana Msa hakimbizani na mtu. Anakaa, anavuta kiko, anasikiliza, anauliza jambo ambalo halikuonekana kuwa na maana, kisha anasikiliza tena. Msomaji aliyezoea hadithi za siku hizi, ambazo kila sura huisha kwa mlio wa bastola, humuona kuwa mzungumzaji mno. Anayekipenda Kiunguja cha wakati ule, pamoja na masihara yake na adabu yake ya kutukana bila ya kutukana, huyataka mazungumzo yale yale yasimalizike. Mmoja amekuja kujua nani aliyeua, na mwengine amekuja barazani.

Kuna njia rahisi ya kujitambua uko upande gani: ukiambiwa mwisho wa hadithi kabla ya kuanza, utaendelea kusoma? Watu wengi hudhani kwamba kuambiwa mwisho ni kuharibiwa kitabu kizima. Mwaka 2011 Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waligundua kwamba waliosoma hadithi fupi huku wakiujua mwisho walizipenda zaidi kidogo kuliko wasioujua. Tafiti za baadaye hazikukubaliana nao katika yote, nami sishangai, kwani jibu linategemea umemuuliza msomaji wa aina gani. Bibi zetu, ambao walirudia ngano ile ile kila usiku kwa wajukuu walioijua mpaka mwisho na bado wakaidai tena, wasingelihitaji utafiti huo.

Sababu ya tatu ni ugumu, na hapa sitaki kupita haraka, kwa kuwa ndipo wasomaji wanapokosana zaidi na waandishi wanaowapenda. Chukua mfano wa Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba. Riwaya yake Utengano, ya mwaka 1980, ina Bwana Maksuudi, mwanasiasa anayemfungia ndani mkewe na binti yake Maimuna, na ina njia iliyonyooka kiasi cha kutosha: tunaona dhulma, tunaona binti anavyoponyoka, tunaona gharama ya kuponyoka kwake. Miaka ishirini na moja baadaye mwandishi huyo huyo alitoa Babu Alipofufuka, ambamo marehemu anarudi kumtembeza mjukuu wake, mkubwa mmoja anayejulikana kwa herufi moja tu, K, ili ayaone aliyoyatenda. Wakati unakatikakatika, ndoto na macho havitengani, na msomaji hashikwi mkono. Mtu aliyeipenda Utengano akaenda kuazima kitabu chengine cha mwandishi huyo anaweza kurudi na malalamiko kwamba amebadilishiwa mwandishi. Jina lililo juu ya jalada halikumdanganya. Limemwambia nani ameandika, halikumwambia kitabu kitamtaka nini.

Mwanasaikolojia Daniel Berlyne, katika kazi zake za mwanzoni mwa miaka ya 1970, alieleza kwamba watu hupenda zaidi kitu chenye ugumu wa kadiri: kilicho rahisi mno huwachosha, na kilicho kigumu mno huwafukuza. Jambo la kuzingatia ni kwamba kadiri hiyo huhama. Aliyesoma riwaya nyingi zilizonyooka hufika mahali akazijua hila zake zote, akaanza kutamani kupotezwa njia, na ndiyo maana kitabu kilichomshinda mtu alipokuwa skuli humjia baadaye kama kimeandikwa upya. Hilo hutokea khasa kwa vitabu vya mtihani. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, ya mwaka 1999, ambayo ndani yake Yasmini anamkimbia mume aliyeozwa na kukutana na Denge na harakati zake, wengi wameisoma wakiwinda dhamira na mbinu za kisanaa za kuandika kwenye karatasi ya majibu. Kusoma huko ni kazi yenye heshima yake, lakini asihukumu riwaya mtu aliyeisoma kwa kalamu nyekundu ya mwalimu tu.

Linabaki jicho la wengine. Mkosoaji I. A. Richards wa Cambridge aliwapa wanafunzi wake mashairi 13 bila majina ya watunzi, akachapisha matokeo mwaka 1929: vijana wale walipishana vibaya sana, wakayadharau mashairi ya watunzi wakubwa na kuyasifu ya wasiojulikana. Jina lilipoondolewa, uhakika wao ulikwenda nalo. Mwaka 2006 watafiti watatu wa Marekani walichapisha jaribio jengine, la muziki safari hii, lenye washiriki 14,341 na nyimbo 48 zisizojulikana. Washiriki waligawanywa makundi, na katika baadhi yake kila mmoja aliweza kuona wimbo gani umechukuliwa na watu wangapi. Nyimbo zilizopanda juu kundi moja si zile zilizopanda kundi jengine. Zilizo bora kabisa zilianguka kwa nadra na zilizo mbovu kabisa zilipanda kwa nadra, lakini zile za katikati, ambazo ndizo nyingi, zilikwenda kokote zilikosukumwa na walioanza. Sioni kwa nini vitabu viwe tofauti.

Kwa hiyo tuzo na sifa zichukuliwe kwa kipimo chake. Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948, alipopewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, watu wengi waliwahi kulisikia jina lake kabla ya kuvisoma vitabu vyake, na riwaya yake ya mwaka 1994 ikapatikana kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina la Peponi, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Ni maandishi ya utulivu, yanayoacha mengi bila kusemwa. Anayependa vishindo anaweza kuiweka kando akaona aibu kukiri, kana kwamba amemkana mtu wa kwao. Aibu hiyo haina msingi, na inaharibu taarifa ambazo msomaji mwengine angelizihitaji.

Maana njia bora niijuayo ya kupata kitabu ni kumpata mtu ambaye ladha yake unaijua, na si lazima ifanane na yako. Katika baraza za kahawa pana yule jamaa ambaye kila akipendacho wewe kinakushinda. Wengi humpuuza, ilhali ni hazina: akisema kitabu fulani ni cha kulala usingizi, maneno mengi na hakuna kinachotokea, wewe unayependa maneno umeshapata cha kusoma. Anayekufaa kidogo kabisa ni yule anayesifu kila kitu. Programu za kupendekeza vitabu kwenye intaneti zinafanya hesabu ya namna hiyo hiyo. Moja ya mwanzo, GroupLens ya mwaka 1994, ilipendekeza taarifa za kusoma bila kuzingatia zilisema nini. Ililinganisha tu alama za wasomaji, nani hukubaliana na nani. Udhaifu wake unafahamika: inahitaji alama nyingi, na riwaya ya Kiswahili iliyopewa alama na watu watatu haiipi kitu cha kulinganisha.

Rafu za maktaba nazo zina mipaka yake. Mpangilio wa Melvil Dewey wa mwaka 1876, unaotumika katika maktaba nyingi duniani, huweka fasihi kwenye namba 800 na kuigawa kwa lugha, si kwa ladha, hivyo Bwana Msa na Babu aliyefufuka wanaweza kukaa bega kwa bega bila ya kuwa na msomaji hata mmoja wa pamoja. Anayekwenda Maktaba Kuu ya Maisara, au ya Chake Chake kwa walioko Pemba, asimuulize mkutubi kitabu kizuri ni kipi. Amtajie vitabu viwili, kimoja alichokipenda na kimoja kilichomshinda, na amwambie alikiachia wapi. Aliyeachia ukurasa wa tano ameshindwa na lugha au na ulimwengu asioujua. Aliyeachia katikati amechoshwa na kisa, na huyo ataelekezwa rafu nyengine kabisa.