Kikao cha Mahitaji ya Ajira ni Nini?

Kikao cha mahitaji ya ajira ni mazungumzo ambayo afisa ajira wa taasisi na mkuu wa idara yenye nafasi wazi huyafanya kabla ya tangazo kutoka, ili wakubaliane ni kazi gani hasa itakayofanywa, nani anaweza kuifanya, na nani ataamua nini wakati wa kuchuja maombi na kusaili. Mara nyingi huachwa, na badala yake mkuu wa idara hutuma barua pepe ya mistari miwili. Lawama nyingi za baadaye chanzo chake ni hapo.

Tuchukue kiwanda cha kuchakata minofu ya sangara jijini Mwanza. Mkuu wa idara ya ufundi anaandika kwamba anahitaji fundi wa mitambo ya ubaridi mwenye shahada na uzoefu wa miaka mitano. Afisa ajira akiyapokea maneno hayo kama yalivyo, atawafungia mlango mafundi waliosomea vyuo vya ufundi stadi vya VETA, pamoja na wale ambao kwa miaka mingi wamehudumia kompresa za amonia katika viwanda vingine vya kandokando ya ziwa. Inampasa aulize: mtambo uliopo ni wa aina gani, zamu za usiku zikoje, umeme ukikatika chumba cha kugandishia kikiwa kimejaa fundi huyo atakuwa na msaidizi au peke yake, na aliyekuwa na nafasi hiyo aliondoka kwa sababu gani? Swali hili la mwisho nalipa uzito kuliko mengine yote, kwa kuwa jibu lake laweza kuonyesha kwamba tatizo ni mshahara au zamu, wala si uhaba wa mafundi mjini.

Majibu hayo ndiyo yanayozaa vigezo vya lazima, navyo viwe vichache. Sifa isiyoweza kupimwa katika usaili, kama vile "awe mchapakazi", ifafanuliwe au iondolewe.

Hapo pia ndipo ubaguzi unapozuiwa kabla haujaandikwa. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi wa kabila, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, umri na mengineyo, na kinga hiyo inamhusu hata mwombaji ambaye bado hajaajiriwa. Mkuu wa idara akisema anataka "kijana wa kiume", afisa ajira asinyamaze kwa kuheshimu cheo. Amwulize kazi yenyewe inadai nini, na ikiwa ni kubeba mizigo, basi uzito wa mizigo hiyo ndio uandikwe.

Kisha wapange muda. Afisa ajira apeleke maombi mawili au matatu mapema, kabla orodha ya watakaosailiwa haijakamilika, ili mkuu wa idara aseme ni wapi hawajaelewana. Naye mkuu wa idara aahidi siku ya kujibu, kwani fundi mzuri akisubiri wiki tatu bila neno, huenda akawa ameshachukuliwa na mgodi wa Geita. Makubaliano yote yaandikwe katika ukurasa mmoja, na kila upande ubaki na nakala yake.