NTP inaonekana nzima lakini saa hailandani: mtego wa Debian 12

Tangu Debian 12 (toleo la mfumo endeshi wa Linux) itoke Juni 2023, naitwa mara kwa mara kuangalia hitilafu ile ile. Seva imepandishwa toleo bila kikwazo, `systemctl` inasema huduma ya saa (NTP, itifaki inayolandanisha saa za kompyuta kupitia mtandao) inafanya kazi, na ukiangalia saa ya seva inalingana na ya simu yako. Kila mtu anaridhika. Miezi inapita, kisha watumiaji wanaanza kukataliwa kuingia kwenye mifumo, na hakuna anayehusisha jambo hilo na kazi iliyofanyika zamani hivyo.

Kuchelewa huko kuna hesabu yake. Fuwele inayoendesha saa ya kompyuta haiendi sawasawa kabisa. Tuseme inakosea kwa sehemu 20 katika milioni, kiasi cha kawaida tu: hiyo ni takribani sekunde 1.7 kwa siku. Misimbo ya kuingilia ya tarakimu sita inayotolewa na programu za simu hubadilika kila sekunde 30, kwa hiyo itaanza kuleta shida baada ya wiki mbili tatu hivi. Kerberos, ambayo ndiyo msingi wa kuingia kwenye Active Directory (mfumo wa Microsoft wa kusimamia watumiaji), kwa kawaida huvumilia tofauti ya dakika 5. Kwa kasi hiyo, dakika 5 hutimia baada ya siku kama 170. Karibu nusu mwaka mashine inakwenda peke yake bila kusahihishwa na mtu, na saa inaonekana sawa kwa macho.

Ndiyo maana kuangalia saa hakuthibitishi chochote baada ya kupandisha toleo. Kinachotakiwa kuulizwa ni nani sasa anaisahihisha saa hiyo, anasoma faili gani, na anamwamini nani.

Kwenye Debian 12 majibu ya maswali hayo yamebadilika. Programu ya zamani ya ntp, iliyotokana na kazi ya David Mills wa Chuo Kikuu cha Delaware (mwanzilishi wa NTP, aliyefariki Januari 2024), imeachia nafasi NTPsec, mradi uliojitenga nayo ili kupunguza msimbo uliozeeka na kuziba mianya ya usalama. Jina la kifurushi cha `ntp` bado lipo, ila kazi yake ni kukuvusha kwenda `ntpsec`. Faili linalosomwa sasa ni `/etc/ntpsec/ntp.conf`. Kumbukumbu ya mwendo wa fuwele iko `/var/lib/ntpsec/ntp.drift`, na huduma inaendeshwa na mtumiaji mwingine, `ntpsec`. Nimekuta mafundi wakihariri `/etc/ntp.conf` na kuwasha huduma upya tena na tena, wakati faili hilo halisomwi tena na yeyote.

Lakini mtego ninaotaka kuueleza unamnasa hata aliyefungua faili sahihi.

Taasisi moja niliyoisaidia ina kipokezi cha GPS chenye antena juu ya paa, na seva ya pili ya saa katika jengo jingine. Faiwoli yao haikuruhusu chochote kwenda nje kupitia UDP 123, mlango wa mtandao unaotumiwa na NTP. Baada ya kuhamia Debian 12, fundi wao alichukua faili jipya lililokuja na kifurushi, akafuta mistari ya `pool` (seva za saa za umma kwenye intaneti), akaweka anwani za vyanzo vyao viwili. Ni kazi safi, yenye mantiki. Nilipoendesha `ntpq -pn`, amri inayoorodhesha vyanzo vya saa, nikaona kitu cha namna hii:

```
 remote      refid  st t when poll reach  delay  offset  jitter
 10.20.0.5   .GPS.   1 u   31   64  377    0.41    0.12    0.03
 10.20.4.5   .GPS.   1 u   12   64  377    0.77    0.15    0.05
```

Soma safu ya `reach` kwanza. Ni namba ya mfumo wa nane inayobeba matokeo ya maulizo manane ya mwisho, na 377 maana yake yote manane yalijibiwa. Kwa hiyo mtandao ni mzima. `offset`, yaani tofauti ya saa na chanzo, ni sehemu ndogo ya milisekunde. Kila kitu kinapendeza, ila mwanzoni mwa mstari hakuna alama ya nyota `*`. Nyota ndiyo inayoonyesha chanzo kilichochaguliwa, na hapa hakuna kilichochaguliwa. `ntpq -c rv` ikathibitisha: `leap_alarm`, `sync_unspec`, `stratum=16`. Tabaka (`stratum`) huonyesha seva iko hatua ngapi kutoka kwenye saa ya asili, na la 16 ni namna ya seva kusema haina saa ya kuaminika.

Sababu ilikuwa mstari mmoja katika faili lile jipya:

```
tos minclock 4 minsane 3
```

`minsane 3` inaiamuru huduma isikubali saa yoyote mpaka ipate vyanzo visivyopungua 3 vinavyoafikiana. Wao walikuwa na viwili. Vingejibu mpaka kesho visingekubaliwa. Na maoni yaliyoandikwa juu ya mstari huo yanaeleza waziwazi kwamba uzimwe iwapo unataka chombo chako cha saa kiongoze peke yake, lakini nani husoma maoni ya faili la usanidi saa sita za usiku wakati huduma zinatakiwa kurudi kabla ya asubuhi?

Madhara hayaishii kwenye seva hiyo. Kompyuta, swichi na kamera zinazoitegemea hupokea jibu lenye tangazo kwamba seva haijalandana, zikalitupa, kama itifaki inavyotaka. Mtandao mzima unabaki bila saa, na kila kifaa kinateleza kwa mwendo wake.

Mtu atasema tufute mstari huo tumalize. Mimi sikubaliani. Vyanzo vya saa ni kama mashahidi: akiwa mmoja huwezi kujua kama amekosea, wakiwa wawili na wakatofautiana hujui umwamini yupi, na kuanzia watatu ndipo wengi wanaweza kumshinda mmoja. Hata GPS hukosea. Tarehe 6 Aprili 2019 hesabu ya wiki za GPS ilifika kikomo ikarudi sifuri, na vipokezi vya zamani ambavyo havikuandaliwa vilirudisha tarehe nyuma kwa wiki 1,024, karibu miaka 20. Vipokezi viwili vya aina moja vingekosea pamoja na kuafikiana kabisa.

Kwa hiyo tuliweka `tos minsane 1` kwa muda ili watu waendelee na kazi. Kisha tukaomba faiwoli iruhusu seva hiyo peke yake kwenda nje kwa UDP 123, tukarudisha mistari ya `debian.pool.ntp.org`, na vyanzo vilipofika vinne na zaidi tukairejesha 3. Nyota ikatokea na ikabaki.

Kuna hitilafu nyingine zinazofanana na hii kwa juu. Tofauti ikiwa ni saa 3 kamili, iache NTP kwanza. Afrika Mashariki tuko UTC+3 (saa 3 mbele ya saa ya kimataifa, UTC) mwaka mzima, na fuwele haitelezi saa 3 kamili. Linganisha `date` na `date -u`, kisha tazama `timedatectl` kama saa ya ubao mama wa kompyuta inahifadhiwa kwa saa za hapa badala ya UTC. Linganisho hilo linakusaidia kwa sababu nyingine pia: saa 3 ni sekunde 10,800, na ntpd (programu yenyewe ya NTP inayosahihisha saa) ikikuta tofauti inayozidi sekunde 1,000 hujizima. Chaguo la `-g` huisamehe mara moja tu inapowashwa. Mashine pepe iliyosimamishwa usiku na kuamshwa asubuhi inaweza kuiua huduma kwa njia hii.

Pia hakikisha hukubadilishiwa huduma. Ukisakinisha `systemd-timesyncd`, huduma nyingine ya saa, kwenye Debian, `ntpsec` inaondolewa, na timesyncd hujua kupokea saa tu, haigawi kwa wengine. `ss -ulpn | grep :123` itakuambia nani anasikiliza. Waliotumia ntp wakatoka RHEL (Red Hat Enterprise Linux) 7 kwenda 8 walilazimika kuhamia chrony, programu nyingine ya saa, kwani ntp iliondolewa kabisa, na wengi husahau mstari wa `allow`, ambao bila huo chrony haihudumii kompyuta nyingine.

Ukishamaliza, iwashe mashine yote upya, si huduma pekee, subiri `reach` ifike 377, kisha nenda kwenye kompyuta nyingine ya mtandao huo, sakinisha `ntpsec-ntpdig` na uulize kutoka huko (hapa 10.20.0.2 ni anwani ya seva yako):

```
ntpdig 10.20.0.2
```

Jibu likija na `s2` karibu na mwisho, seva yako iko tabaka la 2 na kompyuta zinazoitegemea zitaikubali.