Nusu otomatiki si rashasha

Risasi zikipigwa shuleni au kanisani huko Marekani, taarifa zetu za habari mara nyingi husema mshambuliaji alikuwa na "rashasha". Halafu msikilizaji anauliza, na ana haki ya kuuliza, inakuwaje nchi iuze rashasha dukani kama sukari. Jibu ni kwamba haiuzi. Inachouza ni kitu kingine, na ubishi wote wa huko umekaa juu ya kitu hicho kingine.

Bunduki ya nusu otomatiki ukivuta triga mara moja inatoa risasi moja, inatema ganda, inajipakia risasi ya pili, kisha inakusubiri. Usipoachia triga na kuvuta tena, haitoi kitu. Rashasha ukivuta na kushikilia, inamimina mpaka uachie au magazini, kile kisanduku cha risasi, iishe. Maana yenyewe ndiyo hiyo, na bastola nyingi za kisasa nazo zimo katika kundi la kwanza.

Hata jina linasema. Rashasha ni neno la Kiarabu lenye mzizi wa kunyunyiza, na mzizi huohuo ndio uliotupa marashi na mrashi, kile chombo cha shingo ndefu ambacho kwenye maulidi mtu hupita nacho akiwanyunyizia wageni maji ya waridi. Rasharasha ya mvua nayo ni ya ukoo huo. Rashasha basi ni bunduki inayonyunyiza, na isiyonyunyiza haistahili jina hilo. Polisi wa Tanzania wana desturi nzuri ya kuandika SAR katika taarifa zao, kifupisho cha Kiingereza cha bunduki ya nusu otomatiki.

AK, ile bunduki ya Kalashnikov, ndiyo inayovuruga watu. Ubavuni, upande wa kulia, ina wenzo mrefu wa chuma. Ukiwa juu, bunduki imefungwa. Ukiushusha hadi katikati, inamimina. Ukiufikisha chini kabisa, inatoa mojamoja. Ya jeshi kwa hiyo ni zote mbili kwa pamoja. Ile inayouzwa kwa raia katika maduka ya Marekani haina kituo cha katikati. Bunduki ya Kimarekani AR-15 ni hivyohivyo: kampuni ya ArmaLite iliibuni miaka ya 1950, ikaiuzia Colt haki zake mwaka 1959, ya jeshi ikaitwa M16, na ya raia ikabaki bila kumimina. Herufi AR zinatokana na jina la ArmaLite. Wanaodai zina maana ya "bunduki ya mashambulizi" wameokota hilo njiani.

Rashasha zenyewe Marekani ilizibana zamani. Sheria ya mwaka 1934 iliziwekea usajili na kodi ya dola 200, fedha nyingi sana wakati ule, na tangu 1986 rashasha mpya haisajiliwi tena kwa raia. Zilizobaki ni chache na bei yake haishikiki. Kinachogombewa leo ni hizi za mojamoja.

Na hapo ndipo sheria yenyewe ilipojikanyaga. Marufuku aliyoitia saini Rais Clinton Septemba 1994, iliyokufa yenyewe baada ya miaka 10, haikupiga marufuku nusu otomatiki kwa jumla. Ilitaja baadhi ya bunduki kwa majina, kisha ikahesabu maumbile: bunduki yenye magazini ya kuchomoa, ikiwa pia na mambo mawili kama kitako cha kukunja, mpini wa bastola au mahali pa kufunga singe, hairuhusiwi. Ruger Mini-14 yenye kitako cha mbao kisichokunjwa iliachwa huru, tena kwa jina, ingawa hupiga risasi za ukubwa uleule wa AR-15, na kwa mtindo uleule. Wapinzani walicheka kwamba ni sheria ya sura. Walikuwa na hoja, ila walipenda kusahau kwamba ilizuia pia magazini mpya za zaidi ya risasi 10, na hilo halikuwa suala la sura hata kidogo.

Canada haikudanganywa na mbao. Mini-14 ndiyo iliyoua wanawake 14 Montréal mwaka 1989, na serikali ilipopiga marufuku aina takriban 1,500 za bunduki mwaka 2020, nayo ilikuwamo. Australia mwaka 1996, baada ya watu 35 kuuawa Port Arthur, na New Zealand mwaka 2019, baada ya 51 kuuawa misikitini Christchurch, zilipiga marufuku ule utendaji wenyewe wa kujipakia, zikaacha mianya michache tu.

Kisha kuna Las Vegas, Oktoba 2017. Muuaji alifunga kwenye bunduki zake kitako kinachoteleza: mshindo wa risasi unaisukuma bunduki nyuma, mkono unairudisha mbele, kidole kimetulia palepale na triga inajigonga yenyewe. Waliofyatuliwa risasi kutoka juu hotelini walisikia rashasha tupu. Waliokufa walifika 60. Serikali ikaamua kwamba kitako hicho kinageuza bunduki kuwa rashasha. Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji sita kwa watatu, ikakataa: sheria inahesabu mwendo wa triga, na hapa triga bado inakwenda mara moja kwa kila risasi. Jaji Sotomayor alipinga vikali, na mimi niko naye. Tofauti ninayoipigania ni ya kweli, lakini ina mahali inapoishia.

Kwa hiyo ndugu zangu wa chumba cha habari, AR-15 ya raia iandikeni "bunduki ya nusu otomatiki", na nafasi ikiwa finyu, "bunduki" inatosha. Nawe unayerukia kusema "kumbe si rashasha" kana kwamba umeondoa hatari, jaribu kuhesabu: magazini ya risasi 30, mojamoja, kwa kidole cha kawaida, inaisha kabla dakika haijakatika.