San Francisco hadi Los Angeles kwa barabara ya pwani: mambo ambayo si kweli

Marafiki wakikubaliana kwenda California, kila mmoja huwa ana picha ileile kichwani: jua kali, bahari ya kuogelea, na barabara inayoteleza kando ya maji. Ndiyo maana wengi hukosea mahesabu ya siku.

"Julai ni majira ya joto, tubebe kaptula."
San Francisco haiko hivyo. Julai na Agosti ndiyo miezi ya ukungu. Upepo husukuma maji ya juu mbali na pwani, maji baridi ya kilindini yakapanda, na hewa yenye unyevu ikipita juu yake inageuka ukungu. Wakati huohuo bonde la kati la jimbo linaungua kwa joto, hewa yake inapanda, na ukungu wa baharini unavutwa kuziba pengo hilo. Mji umekaa mlangoni kabisa. Joto lake huja Septemba na Oktoba. Ukienda Julai, beba koti.

"Daraja la Golden Gate ni la dhahabu."
Ni la rangi ya chungwa iliyokolea. Jina ni la mlango wa bahari uliopo chini yake, alioupa John C. Frémont mwaka 1846. Daraja lilifunguliwa 1937. Kwa mwenye gari la kukodi, la muhimu zaidi ni kwamba hakuna kibanda cha kulipa ushuru wa daraja taslimu. Ukiingia mjini kutoka kaskazini, kamera inasoma namba ya gari, na kampuni ya kukodisha inaweza kukuongezea ada yake juu ya ushuru. Ulizeni utaratibu kabla ya kuchukua funguo.

"Asubuhi tunaondoka, jioni tuko Los Angeles."
Kwa barabara kuu ya ndani, I-5, inawezekana: ni kama kilomita 615. Highway 1, hiyo barabara ya pwani, ni habari nyingine kabisa. Kipande cha Big Sur, kati ya Carmel na San Simeon, kina kilomita 145 hivi za kona juu ya kona, mlima upande mmoja na genge upande wa pili. Vituo vya mafuta ni vichache, na sehemu kubwa haina mtandao wa simu, kwa hiyo ramani ipakuliwe mapema. Mimi nasema siku mbili ndiyo kiwango cha chini, na tatu ndizo zinazofaa. Anayepita Big Sur huku akitazama saa ni afadhali angepita I-5.

"Barabara ipo kwenye ramani, basi inapitika."
Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu huvunja safari za watu waliojibana miezi mingi. Milima ya Big Sur ni miamba iliyovunjikavunjika, na mvua ikizidi inaporomoka. Mei 2017, mahali paitwapo Mud Creek, upande wa mlima uliporomoka ukafunika barabara, na gari halikupita hapo hadi Julai 2018. Barabara ikikatika hakuna nyingine ya pwani sambamba nayo. Mnarudi hadi 101, barabara kuu inayopita ndani zaidi. Tazameni taarifa za Caltrans, idara ya barabara ya jimbo, kabla ya kulipia vyumba, kisha mtazame tena asubuhi ya safari.

"Kuanzia kusini au kaskazini ni sawa."
Marekani magari hupita kulia. Ukishuka kutoka San Francisco, bahari iko upande wako wa barabara, na kuingia kwenye vituo vya kutazamia hakukulazimishi kukatiza mbele ya magari yanayokuja.

"Tutaogelea kila tukisimama."
Karibu na Monterey maji huwa kama nyuzi 11 hadi 15, na mawimbi ni makali. Maporomoko ya maji ya McWay hutazamwa kutoka juu tu, kushuka ufukweni hakuruhusiwi. Kwenye ufukwe wa Piedras Blancas wamelala sili wenye pua kama mkonga, madume yao huweza kuzidi kilo 2,000. Watazameni kutoka njia ya mbao.

"Dereva mmoja anatosha."
Huyo ndiye atakayeona kidogo kuliko wote, kwa kuwa macho yake hayatoki barabarani. Andikisheni majina mawili kwenye mkataba wa gari, maana asiyeandikwa akipata ajali bima inaweza kukataa kulipa. Kisha badilishaneni Bixby, penye daraja la mwaka 1932, ili aliyeshika usukani tangu mjini naye akae dirishani.